Kazi ya vidole

Kwenye kipindi kilichopita niligusia piano yetu ya nyumbani, na baadhi yenu mkauliza: jamani, piano mtu anaitengenezaje? Basi haya.

Hapa Uingereza piano za zamani za kusimama watu huzitoa bure, mradi uje na wabebaji. Yetu tuliipata hivyo. Vibao 88 vyote vipo, lakini vingine ukibonyeza vinazama tu, kimya. Vingine nyundo inagonga mara mbili.

Kuna kazi mbili ambazo wengi huzichanganya. Kukaza nyuzi ili sauti zipatane ni kazi ya sikio. Kurekebisha mitambo ya ndani, yaani ile njia kutoka kidole hadi nyundo, ni kazi ya macho, rula na vidole. Na hapo ndipo Baba alipoingia.

Masikio ya Baba yameanza kumwacha. Kwenye simu za ukoo anaitikia marahaba, halafu anakaa anatabasamu tu. Na Kiswahili changu mnakijua: nikipaza sauti, nusu yake inapotea.

Lakini Baba alikuwa fundi cherehani. Tulipofungua piano akaona tepe ndogo za kurudisha nyundo zimeoza, felti imeliwa na nondo, akacheka. "Mbona hii ni nguo tu!" Tepe tukazibadilisha moja moja, zote.

Kisha vipimo. Kwanza unaondoa ulegevu kati ya kibao na mtambo. Kibao kizame kama milimita 10. Nyundo isimame kama milimita 45 kutoka kwenye uzi. Halafu sehemu ngumu: nyundo ikibakiza kama milimita 3 kuufikia uzi, mtambo lazima uiachie, imalizie safari yenyewe. Isipoachiwa, inaubana uzi na sauti inakufa palepale.

Baba anabonyeza polepole, macho kwenye nyundo. Mimi nashika bisibisi.

"Bado. Legeza. Robo mzunguko, mwanangu. Basi."

Jumamosi nzima tunaongea hivyo, na hakuna anayeuliza "umesemaje?" Katikati ya vibao ananihadithia mambo ya dukani kwake ambayo sikuwahi kuyasikia kwenye simu yoyote.

Kama una mzee ambaye simu imemshinda, mtafutie kazi ya mikono, ukae naye.

Sisi tumefika kibao cha 61. Wala sina haraka.