Sevilla: Neno Moja la Presha, Jingine la Mzigo

Ukivuka mto Guadalquivir mjini Sevilla, kusini mwa Hispania, kwa daraja lililokamilika mwaka 1852, unaingia mtaa wa Triana, na soko liko palepale mwisho wa daraja. Viazi huko huitwa papas. Baba naye ni papá, mkazo ukiwa mwishoni. Sisi Waswahili, ambao mkazo wetu karibu kila mara huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, tulikuwa tukijiangalia sana kila tulipomjulia hali baba mzazi wa mama mwenye nyumba. Mkazo wa namna hiyo wao huuita acento.

Tulikuwa wanawake wanne, na mwenzetu mmoja ana presha. Siku ya tatu, jua la Julai likiwa limepita nyuzi 40, kichwa kikamgonga na macho yakaona giza. Bahati nzuri mwenyeji wetu alikuwa amekwisha kutuonya tusije tukasema estrés. Neno hilo, walilolichukua kwa Waingereza, ni la akili iliyochoshwa na shughuli. Muuza dawa akilisikia atakupa pole na pengine majani ya tila, chai ya kutuliza. Kwa habari ya damu, semeni tensión.

Duka la dawa halikutupa shida, maana yana msalaba wa kijani unaowaka taa. "La tensión," tukasema. Yule mama wa dukani hakuuliza la pili. Akamketisha mwenzetu, akamfunga mkononi kile kitambaa cha kupimia, akasoma, akatuhimiza twende hospitali mara moja. (Neno hilohilo, alta tensión, huandikwa kwenye nguzo za umeme kuonya watu wasiguse!)

Jioni aliporudi, amepewa vidonge na amri ya kulala, mwenyeji alimletea supu akaketi kando ya kitanda. Akamwuliza kama nyumbani ana agobio. Hatukulijua neno hilo. Akasimama, akainamisha mgongo kama mtu aliyebeba gunia, akahesabu kwa vidole: watoto, wakwe, wageni, ada za shule, mume asiyeuliza. Asili ya neno ni nundu, ule mgongo uliopindwa na uzito.

Mwenzetu alitazama dari kwa muda. Akasema hilo analo, tena kwa miaka, na kila daktari aliyemwona amempima mkono tu.