Andalio la Somo

Usiku mmoja niliketi kando ya kibatari kuandika andalio la somo la Maarifa ya Jamii, darasa la tatu. Mada ilikuwa kijiji chetu. Niliiona kazi nyepesi, nikanakili daftari la mwaka uliotangulia. Penye "maarifa mapya" niliandika kuwa kijiji kilianza mwaka 1974, watu walipohamishiwa vijijini.

Kesho yake mtoto mmoja alinyosha mkono. "Mwalimu, babu yetu alizikwa chini ya mwembe ule kabla ya mwaka huo. Yeye alikuwa akiishi wapi?" Sikuwa na jibu. Kwa sentensi moja nilikuwa nimewafuta wazee wake.

Jioni nilimwendea bibi yake. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Keti." Alinitajia koo zilizolima bonde lile, waliochimba kisima, na jinsi wenyeji walivyowagawia mashamba waliohamia.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya shule inayomfanya mwanafunzi adhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni, huku hekima ya wazee ikidharauliwa. Nilikuwa nimefundisha maonyo hayo chuoni, nyumbani nikayasahau.

Niliandika andalio upya. Penye zana nilitaja mwembe, kisima na bibi mwenyewe, naye akaja darasani. Ndugu mwalimu, kabla hujashika kalamu, piga hodi kwa jirani. Jamii unayoifundisha i hai, nayo hukusikiliza.