Kabla ya Kuta, Maji: Safari ya Jinja na Mbale

Wengi wenu hapa Kiryandongo mmeniuliza nilifuata nini Jinja na Mbale wakati wa likizo. Nilienda kuangalia nyumba. Kwetu tunapanga kujenga wenyewe kwenye kiwanja chetu, mita 30 kwa 30, pasipo umeme wala bomba, na mama ameshachoka na turubai.

Jinja ndipo Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, siku hizi linaitwa Nalubaale. Bujagali likafuata mwaka 2012. Umeme wote huo, lakini toka kidogo nje ya mji kwa bodaboda, utaona nyumba zenye kipande cha sola juu ya bati! Mzee mmoja fundi alinionyesha ya kwake: inawasha taa tatu na kuchaji simu, basi. Kupika ni kuni, kwenye jiko la udongo. Akaniambia, "Mwalimu, sola hata mwakani utanunua. Maji je?"

Tukapiga hesabu pale pale, kwa kijiti mchangani. Paa la bati la mita 6 kwa 5 ni mita za mraba 30. Mvua ya milimita 10 tu ikinyesha, hiyo ni lita 300, yaani jerikeni 15. Hata ukitoa yanayomwagika, 12 hukosi. Na sisi tunapanga foleni bombani tangu alfajiri, jamani! Basi kwetu sasa ni bati na tangi kwanza, plasta itangoje. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi unaiacha ipite, maana inaosha vumbi na mavi ya ndege, na ya kunywa lazima yachemshwe.

Mbale ni habari nyingine. Mji uko chini ya Mlima Elgon, na huko maji yanaogopwa. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika, watu zaidi ya 20 wakafa. Nilipanda taksi mpaka Bududa. Miteremko ni mikali, lakini migomba na kahawa vimestawi ajabu, ndipo nikaelewa kwa nini watu hawataki kuhama. Majirani zetu waliotoka huko wanajua kuliko mimi: tarehe 1 Machi 2010 mlima ulimeguka ukafunika kijiji cha Nametsi, na mwaka huo huo serikali ikaanza kuwaleta huku kwetu.

Kiwanja chetu kina mteremko mdogo tu. Kaka anataka nyumba ikae chini, karibu na njia, na choo juu. Mimi nasema nyumba na tangi juu, choo chini kabisa, na mtaro nyuma ya nyumba uchimbwe kabla ya tofali la kwanza. Mama amekubali, kaka bado tunabishana.

Mabati tunayo 9, yanahitajika 16. Mwenye kujua fundi wa matangi ya saruji anitafute shuleni baada ya saa kumi.