Vimelea Vilivyokwama Mlangoni

Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Kilichobaki ni daftari moja la baiokemia, na hapa Kakamega huwa nalifungua tu kukhu anapouliza maswali yake. Lile gumu zaidi ni hili: kwa nini homa ya malaria hutulia, mtoto anacheza, halafu kesho inarudi na nguvu?

Kimelea huingia kwenye chembe nyekundu ya damu, kinakula, kinajigawa. Baada ya saa 48 hivi, watoto wake 16 hadi 32 wanapasua chembe na kutoka. Kule kupasuka ndiko kunaleta homa. (Kwa mgonjwa mwenyewe saa hazinyooki hivyo kama kitabuni.)

Saa ya kutoka inategemea kinasi. Hizi ni protini zinazobandika fosfeti kwenye protini nyingine, na iliyobandikwa inaamka, inalala au inahamishwa. Ni swichi tu. Ukoo wao mmoja, CDPK, hungoja kalisiamu. Kalisiamu ikipanda ndani ya kimelea, swichi zinawaka, na vifuko vyenye vimeng'enya vya kuvunja kuta vinamwaga mzigo wake.

Mwaka 2010 wanasayansi wa Harvard walipunguza mmoja wa ukoo huo, CDPK5. Vimelea vilikomaa vizuri kabisa, ila havikutoka. Vilijazana ndani vikingoja. Chembe zilipopasuliwa kwa nguvu, vilienda kuvamia nyingine kama kawaida. Havikuwa na kasoro yoyote, vilikosa sahihi moja tu. Mimi najua vijana kibao wa aina hiyo.

Sasa sikiza: binadamu hatuna CDPK. Mahindi ya kukhu yanazo, tsisaka pia. Kwa hili, kimelea kinachokaa kwenye damu yetu kimefanana na shamba kuliko sisi wenyewe. Ndiyo maana watafiti wa dawa wanazimezea mate: unaweza kuzima swichi yake bila kugusa yetu.

Lakini kwenye zahanati utapewa AL, dozi sita kwa siku tatu. Rwanda na Uganda tayari zimepata vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, iliyo ndani ya hiyo AL. Kutoka hapa hadi mpaka wa Busia unapanda matatu asubuhi, na saa sita hujafika bado ushafika.