Kabla ya Kumeza Tembe, Hesabu Vidole

Ndugu zangu wa kibodi, leo naweka programu kando kidogo tuzungumzie mikono, maana bila mikono hakuna programu.

Mwaka jana nilianza kuamshwa usiku wa manane na vidole vya mkono wa kulia. Vilikuwa vimekufa ganzi, vinachoma kama vimeguswa na umeme. Nikiukung'uta mkono, napata nafuu. Nikashikwa na woga: nala kwa vidole hivi, vikigoma, kodi ya nyumba atalipa nani?

Daktari aliuliza swali moja: ni vidole vipi hasa? Gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Na cha mwisho? Hicho kizima. Akasema jibu liko hapo. Neva inayohudumia vidole hivyo hupita kwenye kifundo cha mkono, ndani ya njia nyembamba kama handaki, pamoja na kano tisa za kukunjia vidole. Nafasi ikipungua, neva hubanwa. Kidole cha mwisho kina neva yake, nayo haipiti humo.

Mwandishi wa programu ataelewa upesi. Ujumbe wa hitilafu huonekana kwenye skrini, lakini kosa liko mistari mia mbili juu. Ndiyo sababu tembe za kawaida za maumivu mara nyingi hazifui dafu hapa: waya wenyewe ndio unaotuma ishara ovyo. Kwa maumivu ya neva ya muda mrefu, kama yale ya kisukari, madaktari hutumia dawa za kutuliza ishara hizo, mfano amitriptyline.

Mimi nilipewa banzi la kuvaa usiku ili kifundo kikae kimenyooka, kwani tukilala tunakikunja na shinikizo ndani ya handaki linapanda. Baada ya wiki sita nikaanza kulala hadi asubuhi.

Nilipimwa pia sukari. Msiitupie kibodi lawama zote: kisukari, matatizo ya tezi ya shingo na hata ujauzito huweza kuibana neva hiyo.

Lakini ganzi ikikataa kuondoka, vikombe vikianza kukuponyoka, au nyama ya chini ya gumba ikinywea, usingoje. Huenda ukahitaji upasuaji wa kupanua njia, na neva iliyobanwa muda mrefu mno huenda isipone kikamilifu. Tarakilishi ikiharibika utanunua nyingine. Neva haina duka.