Manshi, gazi, na mtoto niliyemfukuza



Tangu turudi masomoni wengi wenu muliniuliza: "Kapita, vakansi ulifanya nini kule Lubumbashi?" Kila mara nilijibu kama nilisaidia baba mdogo kazi yake ya kutengeneza ordinatere. Ni kweli, lakini si yote. Leo nawaambia yote, kwa sababu ndani yake kuna deni langu.

Fundi mmoja wa migodi, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia baba mdogo ordinatere na vyombo viwili vya kujifunza kurusha ndege. Cha kwanza ni manshi, ile fimbo ya kuongoza ndege. Cha pili ni maneti ya gazi, ambayo mkono wa kushoto unasukuma kusudi injini ipate nguvu. Ndani ya masini mulikuwa tayari programu inayoitwa DCS World, inayoiga ndege za vita. Baba mdogo akaniambia: "Wewe njo mutu ya masomo. Tengeneza hii, nione."

Musifikiri kama jambo hili ni mchezo wa watoto tu. Mwaka 1929 Edwin Link wa Marekani, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda, alitengeneza ndege isiyotoka chini. Aliitikisa kwa mifuko ya upepo kama ile ya kinanda cha kanisa. Katika vita vya pili vya dunia marubani wengi sana walijifunza ndani ya masanduku yake. Faida yake ni nyepesi kuelewa: mtu akikosea pale, hafi.

Kuchomeka waya kulichukua dakika moja. Nikaona kazi imekwisha. Nikaita mdogo wangu, mtoto wa shangazi, mwenye miaka 11, akae kando yangu atazame ufundi wa yaya wake.

Nikasukuma gazi. Ndege ikakimbia barabarani, lakini pua ikalala chini. Nikavuta manshi, pua ikainuka kidogo. Nikagusa gazi tena, ikalala tena. Tukafika mwisho wa uwanja, tukaanguka, moto ukajaa kwenye kioo. Nikaanza upya. Vile vile. Mara ya tatu, vile vile. Mtoto alikuwa ameweka mkono karibu na maneti ya gazi. Nikamgeukia kwa hasira: "Ni wewe unagusa! Unaharibu kazi. Toka hapa!"

Akasema: "Yaya, mimi siguse kitu."

Nikamwambia kama anabisha. Nikamshika mkono, nikamtoa nje, nikafunga mlango. Halafu nikakaa peke yangu, nikasukuma gazi. Pua ikalala chini.

Baba mdogo alisikia kelele, akaingia. Hakunigombeza. Aliuliza neno moja tu: "Umeangalia nani anashika nini?" Akafungua ukurasa wa programu ambapo kila mwendo wa ndege una mstari wake, na kila chombo kina safu yake. Kwenye mstari wa pua juu na chini, safu mbili zilikuwa zimejazwa: manshi, na maneti ya gazi pia. Programu hii, ikiona chombo kipya, inakipa kazi yenyewe bila kukuuliza. Basi gazi yangu ilikuwa inaongeza nguvu na kusukuma pua wakati mmoja. Madereva wawili, usukani mmoja. Tulifuta ile kazi ya pili, na ugonjwa ukaisha pale pale.

Kwa wale watakaopata nafasi siku moja, hii njo njia niliyojifunza. Kwanza, kabla ya kufungua programu, angalia katika ordinatere yenyewe kama manshi, ikiachwa, inasimama katikati. Isiposimama, ipime upya. Pili, fungua ule ukurasa, ufute kila kazi ambayo hukuitoa wewe. Tatu, weka minne ya lazima: pua juu na chini, mabawa kulia na kushoto, kugeuza mkia, na gazi. Manshi yetu inazungushwa kwa kifundo cha mkono ili kugeuza mkia, kwa hiyo hatukuhitaji pedali za miguu. Nne, ukisukuma gazi mbele na nguvu inapungua, usiichomoe: kuna alama ya kugeuza mwelekeo, itie. Tano, manshi ikitetemeka katikati, ipe nafasi ndogo isiyosikia kitu, lakini ndogo kabisa, maana ukizidisha mkono utakuwa kama umekufa ganzi. Sita, kuna mstari wa kupinda: ukiupinda kidogo, manshi inakuwa pole katikati, na mwendo mdogo wa mkono hautupi ndege. Butoni za magurudumu, breki na mabapa ya mabawa ziwekwe pale vidole vinapofika bila kutazama. Rubani wa vita hapaswi kuacha manshi na gazi ili kutafuta butoni. Fanya moja, jaribu, halafu fanya nyingine. Ukigeuza yote pamoja, hutajua nini imeponya na nini imeharibu.

Nilitoka nje kumwita mdogo wangu. Alikuja, lakini alibaki mlangoni. Nilikuwa na furaha, sikusema neno la kuomba radhi. Nikaruka vizuri, nikatafuta magari chini, nikapiga. Nilipogeuka kumwonyesha, alikuwa ameziba masikio kwa mikono yake miwili, na macho amefunga.

Hapo njo nilisoma vizuri jina la ndege niliyoipanda. Ilikuwa Su-25T, ambayo programu hii inaitoa bure. Sisi watu wa Goma, ndugu yake Su-25 tunaijua, tunaiita Sukhoi. Tarehe 24 mwezi wa kwanza 2023 moja ilipigwa kombora juu yetu, ikatua uwanjani ikiwaka, na rubani akapona. Mimi niliiona. Huyu mtoto naye alikuwa bado Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita vilipoingia mjini. Mimi nilikuwa hapa shuleni, chini ya maembe yetu. Alifika Lubumbashi na mama yake, na mfuko mmoja. Mimi nilijua haya yote. Sikuyafikiri.

Nikazima sauti. Akaniuliza: "Yaya, hii ndege inaweza kwenda bila kupiga?"

Nikarudi kwenye ule ukurasa. Nikafuta kazi ya butoni ya kupiga. Nikatoa mabomu yote chini ya mabawa. Nikapinda mstari zaidi kidogo, sababu mkono wake ni mdogo. Nikaiweka ndege kwenye uwanja wa Batumi, karibu na Bahari Nyeusi, bila adui yeyote, halafu nikampa kiti.

Alianguka mara tatu. Mara ya ine alitua, akaenda upande, akasimama kwenye majani, lakini mzima. Akatazama maji na milima kwenye kioo, akasema: "Iko kama kwetu." Hatukusema zaidi. Usiku ule nilimwomba radhi, akanijibu kama alikwisha kusahau. Mimi sijasahau.

Sasa deni langu. Mwaka jana taa ya internati ya wavulana iliharibika wakati wa masomo ya usiku. Niliandika jina la mwanafunzi mmoja wa darasa la pili kwa Bwana Prefe. Sikumwona akiivunja. Alikuwa karibu nayo, basi. Naye alisema: "Kapita, siguse kitu." Alilipa taa, na alifagia uwanja wiki mbili. Baadaye taa mpya nayo iliharibika mahali pale pale, fundi akaja, akakuta waya umelegea ndani ya ukuta. Nilisikia, nikanyamaza, juu ya heshima ya ukapita.

Jumatatu iliyopita nilimwendea kabla ya kuandika haya, na nilikwenda pia kwa Bwana Prefe. Yule kijana alinisikiliza, akasema: "Ni sawa, kapita. Lakini mama aliuza kuku wake wawili." Feza ile nimeanza kuirudisha, na itakwisha kabla ya mtihani wa Serikali.

Makapita mutakaotufuata, kitabu cha majina mutakipokea kutoka mikononi mwangu. Kabla ya kuandika jina, mufungue ule ukurasa: nani anashika nini? Aliye karibu si lazima awe mwenye kosa.

Ni mimi kapita wenu, darasa la mwisho.