Tupeni uchawi, chukueni dagaa!

Wadau, Sumbawanga kwa Kifipa ni "tupa uchawi". Marehemu mjomba wangu aliligeuza jina hilo kuwa tangazo la biashara sokoni: "Tupeni uchawi, chukueni dagaa!" Watu walicheka, wakanunua.

Dagaa aliwafuata Kasanga, Ziwa Tanganyika, enzi za barabara ya vumbi. Masika lori likikwama, alilala njiani kwenye baridi ya Ufipa.

Nyumbani kelele zilikwisha. Alihesabu mauzo, akatenga ada kwanza, kisha akakagua madaftari yetu, yeye ambaye shule iliishia darasa la nne. Wanawe wote walisoma, nami mtoto wa dada yake.

Tulipomaliza matanga, wateja walikuja mmoja mmoja kulipa madeni ambayo hakuyaandika popote.

Pumzika, Mjomba.